Sauti ya Mgeni Mezani kwa Baba

Meza ya baba imo katika chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama njia ya Junda, na tangu mama afariki hakuna anayeruhusiwa kuipanga. Vumbi naruhusiwa kupangusa, vitu sivigusi. Kwa hiyo vitu vimezidi kuongezeka.

Kushoto ipo taipureta kubwa ya chuma, ya kijivu, yenye rola pana kupita kawaida. Ilichapa karatasi za shehena, zile pana kama vitambaa vya meza, miaka ambayo baba alikuwa karani katika ofisi moja ya uwakala wa forodha kule bandarini Kipevu. Ofisi ilipoingia kwenye kompyuta, mashine za zamani ziligawiwa makarani kama mtu anavyogawa watoto wa paka: chukua, usipochukua watatupwa. Baba alichukua mbili. Ya pili ni ndogo, ya kubeba mkononi, kifuniko chake kimepotea, nayo imekaa katikati ya meza mbele ya kiti. Kulia ndiko kwenye vitu vyetu sisi watoto: kisoma-vitabu ambacho kaka yangu alikituma kutoka ughaibuni, tableti iliyopasuka pembeni, simu yangu ya zamani iliyosimamishwa juu ya stendi ya mbao, na nyaya zao zilizosokotana kama tambi sahanini. Baina ya hayo kuna miwani isiyosaidia tena, chupa za dawa ya macho, tasbihi, brashi ya meno iliyochakaa, na redio ambayo sauti yake imeshuka hadi kuwa mnong'ono.

Vifaa vyetu baba huviita vigae.

"Vigae vyote hivi," alisema siku kisoma-vitabu kilipofika, "mwataka kuezeka nyumba?"

Lakini alikipokea kwa mikono miwili. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imeshamnyang'anya gazeti, na kile kifaa kilikuwa na jambo moja ambalo gazeti halina: herufi zake hukuzwa. Kwanza tulizikuza zikawa kama punje za kunde. Akasoma, akacheka peke yake, akanisomea mstari mzima mimi niliyekuwa nakuna nazi. Baadaye zikawa kama maharage. Baadaye kioo kizima kikawa hakichukui zaidi ya maneno matatu, halafu neno moja, na kila neno lilimtaka abonyeze upya.

"Huku ni kulishwa pilau punje moja moja," akasema. "Mtu hashibi, na mkono wachoka."

Siku iliyofuata alikizima, akakiweka kulia mwa meza, na hapo ndipo kilipo.

Macho yalipokwisha tulidhani ndilo jambo lenyewe, na kwamba lililobaki ni kulizoea. Kisha akaanza kusahau. Alikuwa akiniuliza kama ameswali, nikamjibu ndiyo, akauliza tena kabla sijatoka chumbani. Mke wa kaka, wifi yangu tunayeishi naye, alimpelekea chai akaitwa kwa jina la mama. Akaitika, maskini. Daktari alituambia kwa sauti ya chini, nje ya mlango wa chumba chake, kwamba kusahau huku kutazidi, na tuliporudi ndani baba alikuwa ameketi kitandani wima kama aliye kwenye usaili.

"Sijawa kiziwi," akasema. "Nimesikia. Basi nisikizeni na nyinyi. Nataka kumwandika mama yenu kabla sijamsahau."

Mimi hujipatia riziki kwa kuandika habari za watu. Nimerekodi mabaharia, akina mama waliobomolewa nyumba, na mtu mmoja wa Frere Town aliyenieleza maisha ya babu yake tangu adhuhuri hadi magharibi bila kunywa maji. Nilidhani kazi hii ni rahisi. Nikaiweka simu mbele ya baba, nikabonyeza, nikamwambia aseme tu. Rekodi hiyo ninayo. Kuna kukohoa. Kuna Fatiha, imesomwa vizuri, taratibu. Kuna kimya kirefu ambamo unasikia bodaboda ikipita. Kisha sauti yake: "Alikuwa mtu mwema. Haya, zima."

"Baba, hilo watu wote wanalijua."

"Wewe ni mwanangu," akasema, "na mambo ya mke hayasemwi kwa mdomo mbele ya mwana. Nikikwambia jinsi nilivyompenda mamako, mimi na wewe tutatazamana vipi?"

Hakuwa anatania. Katika nyumba yetu baba na mama hawakushikana mikono mbele yetu hata siku ya Idi. Walipotaka kuzungumza yao walikwenda jikoni na mama akawasha redio. Baba wa namna hiyo huwezi kumwekea kinasa sauti umwambie afungue moyo. Kwa vidole, hata hivyo, aliweza. Kuchapa kwake ni kama kuwa peke yake. Alichapa miaka yote hiyo bila kutazama herufi, na upofu haukumwondolea kitu hapo.

Tatizo lilikuwa kusoma alichochapa. Mimi hakunitaka. Wifi ndiyo kabisa. Ndipo nilipomwonyesha ile simu ya zamani ya kwenye stendi: iweke karatasi chini yake, bonyeza hapa pembeni, nayo itaipiga picha na kuyasoma maandishi kwa sauti. Tukaijaribu kwa barua ya zamani. Sauti ya mwanamke ikasoma, ikiruka nukta na kusimama pasipo na nukta.

"Huyu bibi Kiswahili amejifunzia melini," baba akasema. Aliisikiliza mara ya pili, na uso wake ukalegea. "Lakini ni mgeni. Hana baba, hana mtaa, hana shoga wa kwenda kumsimulia. Huyu anaweza kunisomea."

Mpango ukawa hivyo. Atachapa mlango umefungwa. Akimaliza yote, mgeni wa kwenye simu atamsomea yeye peke yake. Akishakufa ndipo sisi tutasoma, maana maiti haoni haya. Nilimshauri asikilize ukurasa mmoja mmoja kila anapoumaliza. Akakataa.

"Mpishi akionja onja, chungu hakifiki mezani."

Kabla ya kuanza aliisafisha ile taipureta ndogo kwa namna walivyofanya ofisini kila meli kubwa ilipokuwa yaja. Alichukua brashi ya meno, akasugua meno ya herufi moja moja, akatia tone la mafuta ya cherehani, akachapa mistari bila wino kuondoa uchafu uliobaki. Mimi nilimletea utepe mpya wa wino, niliouhangaikia mjini duka hadi duka, nikauweka mimi mwenyewe kwenye magurudumu yake kwa maelekezo yake. Kisha akanifukuza.

Tangu asubuhi hiyo nyumba ikawa na mlio. Wifi, ambaye hukaanga viazi karai vya kuuza kwenye baraza, alisema huko ndani kunanyesha mvua ya mawe.

"Baba anafanya kazi kama mwenye mshahara," alinong'ona. "Wallahi, wifi, mimi mume wangu akiniandika hata nusu ukurasa nitamsamehe yote."

Kila adhuhuri alitoka chumbani akiwa amechoka, na kwa muda fulani hakuuliza maswali mara mbili mbili. Alikula. Mara moja, akipapasa sahani, alicheka, na nilipouliza anacheka nini akasema, "La, hiyo nishaiandika." Mtu anayesahau mambo ya jana alikuwa akinifichia mambo ya kabla sijazaliwa, na nilifurahi kufichwa. Hata hivyo nilikuwa naona pia upande wa pili. Jambo akishaliandika alikuwa analiachilia. Jumatatu anacheka jambo fulani, Alhamisi ukimgusia halipo. Ni kama aliyekuwa akihamisha vyombo kutoka nyumba inayoungua, na kila alichokitoa nje hakukirudia tena kukitazama.

Kisha ikaja Jumamosi moja akasema amemaliza. Alioga, akavaa kanzu safi, akaomba udi. Akaketi mezani, bunda la karatasi mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, akaniambia nitoke na nifunge mlango. Nilifunga. Sikuondoka kwenye ukumbi. Ni tabia ya kazi yangu, na sikutaka kusikia maneno, nilitaka kusikia kwamba maneno yapo.

Kisha ile sauti ya mwanamke: "Hakuna maandishi yaliyopatikana."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Hakuna maandishi yaliyopatikana."

"Soma, mama," baba akamwambia kwa adabu. "Ni Kiswahili."

"Hakuna maandishi yaliyopatikana."

Akajaribu nyingine, na nyingine. Adabu ikamwishia. Akamwambia aliyemtengeneza hakumtia macho, akamwambia hata yeye kipofu amemzidi. Sauti ikajibu vilevile, kwa utulivu uleule, bila kuchoka, mpaka nikatamani kuingia niivunje. Mwishowe akaniita niende, kwa lahaja ya utotoni mwake ambayo humtoka akihamaki.

"Ndoo. Ndoo uone, huyu bibi yako ana nini yeo."

Niliingia. Karatasi ya juu ilikuwa nyeupe. Niliinua ya pili, nyeupe. Nilipekua bunda lote kwa kidole gumba, hadi chini, nyeupe, nyeupe, nyeupe.

"Taa haitoshi, baba," nikasema. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua limejaa mezani. Nilikuwa nataka muda tu, sijui wa kufanya nini.

Alikuwa amelihisi joto la jua mikononi mwake. Akaichukua karatasi moja, akaipitisha ncha za vidole juu yake polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayepapasa uso wa mtu. Kulikuwa na vishimo. Mashine ilikuwa imepiga kila herufi mahali pake, ila bila wino. Akaunyosha mkono hadi kwenye taipureta, akakitafuta kijiti kidogo kilicho pembeni, kile cha kuchagulia rangi ya utepe. Kina alama tatu. Nyeusi, nyekundu, na nyeupe. Ukikiweka kwenye nyeupe utepe hushuka kabisa na herufi hupiga karatasi kavu. Hapo ndipo makarani walipokiweka walipokata stensili za kurudufia, au walipokuwa wanasafisha meno ya mashine.

"Kiko juu au chini?" akaniuliza.

"Chini."

"Na rangi?"

Nilitazama, ingawa nilishajua. "Nyeupe, baba."

Alikaa akiwa amekishika. Kwenye mashine kubwa, ile aliyoitumia maisha yake yote ya kazi, nyeupe iko juu. Ukimaliza kusafisha unakishusha chini, unarudi kwenye nyeusi. Mkono wake ulifanya hivyo hivyo kwenye hii ndogo, ambayo imepangwa kinyume. Alipokuwa na macho aliiona ile nukta ya rangi na hakukosea. Mkono peke yake ulifuata kazi iliyoufundisha.

"Mkono wa karani," akasema. Kisha akasema, "Karatasi zote?"

"Zote."

Nje wifi alikuwa akimwambia mteja kwamba ukwaju umeisha. Baba alianza kutetemeka kidevu, akakishika kwa kiganja ili kitulie, na sikuwahi kabla ya hapo kumwona baba yangu akikishika kidevu chake.

Nikachukua penseli. Nililaza risasi yake ubavu, nikapaka juu ya ukurasa wa kwanza, hafifu, mkono ukielea. Vishimo vikaanza kubaki vyeupe katikati ya weusi. Yakatokea maneno. Nilimwambia, naye akageuza kiti chake, akaukabili ukuta, akanipa mgongo.

"Soma," akasema. "Lakini usinitazame."

Haikuwa kusoma, ilikuwa kuokota. Herufi A, ambayo Kiswahili hakipumui bila yake, hupigwa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kidole hicho cha baba kina ganzi. Karibu zote zilikuwa hazipo. Hizo niliweza kuzirudisha. Lakini ilikuwako mistari mizima ambapo mikono ilikuwa imechoka na karatasi haikuumia hata kidogo. Nikasoma kilichokuwapo, na pasipokuwapo nikasema, "Hapa hapasomeki," kama ninavyofanya na rekodi mbovu.

Nilijua, kwa mara ya kwanza, kwamba dirisha la ofisi yao lilikuwa dogo na la chini, lenye ubao wa kuwekea hati, kiasi kwamba karani aliyeketi huona mikono ya watu kabla ya nyuso. Kwamba siku moja alikuja msichana kumuulizia mjomba wake, mpakuzi wa mizigo. Kwamba alimwona mkono kwanza. Mkono wenye hina iliyofifia, imebaki kwenye kucha tu. "Mkononi ameshika," nikasoma, na hapo mstari ukafa.

"Ameshika nini?" baba akauliza ukutani.

"Hapasomeki."

"Paka tena."

Nilipaka tena, kwa nguvu zaidi, nikaharibu hata kile kilichokuwapo. Nikaipeleka karatasi dirishani, nikaitazama kwa ubavu, nikaiangalia kwa nyuma.

"Hapana kitu, baba. Labda chakula cha mjomba wake?"

"Hiyo 'labda' ni yako. Usinitilie chako." Niliona mabega yake yakifanya juhudi, kweli kabisa, kama mtu anayesukuma mlango. "Bakuli? La. Si bakuli. Kilikuwa ni kitu ambacho..." Akaachia. "Nilipokiandika nilikuwa nakiyua. Wallahi nilikuwa nakiyua, ndiyo maana nikacheka."

Tuliendelea hadi adhuhuri. Katika kurasa nyingine ulitoka mstari mmoja, katika nyingine majina ya mahali tu: Changamwe, kivuko, nyumba ya shangazi. Ukurasa mmoja ulitoa neno "redio" na baada yake kimya hadi chini. Kila nilipofika kwenye pengo alijaribu kulijaza, na kila alipojaribu sauti yake ilipungua. Hakuona haya tena kunisikia nikisema maneno yake kuhusu mama. Ile haya aliyoilinda maisha yake yote ilikuwa imeondoka chumbani bila yeyote kuiaga, na tulikuwa hatujapata chochote badala yake.

Baada ya kuswali akarudi mezani. Akakipandisha kile kijiti juu mwenyewe.

"Tia karatasi."

Nikatia. Akaweka vidole mahali pake, akaanza, na safari hii herufi zilikuwa nyeusi, zimekoza, safi, A peke yake zimefifia kidogo.

"Yatoka?"

"Yatoka, baba."

Alichapa bila kusita, haraka, kengele ikilia mwisho wa kila mstari, mgongo umenyooka kama zamani. Nikasogea nyuma ya bega lake. Ilikuwa barua ya ofisini, kwa Kiingereza chao cha forodha, ya kuomba kontena la mtu fulani litolewe bandarini kwa kuwa hati zake zimekamilika. Salamu, namba ya marejeo, aya tatu, wako mtiifu. Hakuna kosa hata moja.

"Nisomee," akasema. Uso wake ulikuwa na tumaini.

Ningeweza kumsomea kitu kingine. Nilikuwa nimeshaokota vya kutosha kutunga ukurasa mmoja wenye mkono na hina. Nilimsomea barua, neno kwa neno, hadi kwenye nafasi ya sahihi.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo si yake."

"Si yake, baba."

"Itoe. Tia nyingine."

Nikatoa, nikatia nyingine. Akavirudisha vidole. Wifi akabisha akasema chakula kinapoa, akaenda zake.

"Wewe wakumbuka?" baba akaniuliza. "Pale dirishani. Alishika nini?"

"Baba, mimi sikuwa nimezaliwa."

"Kweli," akasema. "Hukuwako. Tulikuwa wawili tu."

Karatasi ilikuwa imekaa sawa, utepe ulikuwa mpya, kijiti kilikuwa kwenye nyeusi. Nilisimama pale nyuma ya bega lake nikivitazama vidole vyake, vyote vikiwa juu ya herufi, na hakuna kilichoshuka.